Obara Aliyepatikana Chini ya Kiti

Ijumaa asubuhi, mabati ya gereji iliyo kando ya barabara ya Kiogoro yameanza kushika joto. Phanice Nyanchera analegeza bolti ya mwisho ya kiti cha dereva, kisha badala ya kukiinua anarudi nyuma hatua moja na kujifuta mikono kwenye leso.

"Ochoki, kuja uangalie wewe kwanza," anamwita fundi mwenzake. "Na ukipata karatasi iko na jina, usinisomee. Weka tu mfukoni."

Ochoki, fundi wa breki, anaacha kazi yake na kuinama. Anapapasa chini ya reli za kiti. Anatoa sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati, kibanio cha nywele cha mtoto na makombo yaliyogeuka vumbi.

"Hakuna mtu," anasema.

Phanice anashusha pumzi na kukiinua kiti.

Hadi majuzi, hakuna aliyethubutu kumtangulia hapo. Yeye ni fundi wa viti vya magari, na huvivisha kava mpya za leza, yaani ngozi ya viwandani, viti vya magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Kila kiti kilipong'olewa, mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza kuingia gizani. Alichokuwa akikitafuta humo kimemfanya leo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, aogope kurudi nyumbani kwake Marani.

Alikuwa akitafuta kadi. Ni vikaratasi vigumu vya ukubwa wa kitambulisho, vyenye picha za wachezaji wa besiboli. Huko Japani watoto huzipata ndani ya pakiti za viazi vya kukaanga, wakazikusanya, wakazibadilishana, na nyingine zikawaponyoka ndani ya magari ya wazazi wao.

"Kila gari inakuja na mtoto wake," Phanice anasema, akikwangua gundi kwenye fremu. "Mtoto alikuwa kiti ya nyuma anakula. Akaangusha kitu yake, akalia. Akaambiwa, nyamaza, tutatafuta kesho. Kesho gari ikauzwa. Sasa ni mimi napata."

Alipopata ya kwanza hakujua ni nini. Mwanamume aliyevaa kofia, ameinua rungu, amekunja uso kana kwamba nyoka ameingia ndani. Ochoki alidhani ni tangazo la kampuni ya ulinzi. Phanice aliipeleka kwa rafiki yake Janat, anayeuza simu na vifaa vyake mjini Kisii, na Janat akaelekeza kamera ya simu kwenye yale maandishi. Simu ikatafsiri. Kisha Janat akabonyeza mahali, na sauti ya mwanamke wa Kijapani ikalitamka neno lenyewe: *besuboru*.

Phanice alicheka mpaka akakaa chini.

"Nilimwambia Janat, hebu rudia. Akarudia. Besuboru! Nikasema, kumbe hawa watu hawana el, kama sisi!"

Asiyelelewa Gusii huenda asione kicheko kiko wapi. Ekegusii hakina sauti ya l. Mtoto wa huku huingia shuleni akisema *rara* akimaanisha lala, na hucheka au kuchekwa kwa hilo maisha yake yote. Phanice anakumbuka akiwa darasa la tatu alipoomba *karamu* ili aandike. Mwalimu, mgeni kutoka mbali, alimsimamisha mbele ya darasa. "Wewe unataka kuandika au unataka kula?" Darasa zima, lenye ulimi uleule kama wake, likamcheka. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo aliomba penseli.

"Sasa hapa kuna watu wakubwa, wamepigwa picha, wamewekwa kwa kadi, na wanasema ra kama mimi," anasema. "Nikawapenda hivyo tu."

Akaanza kuwakusanya kwenye mkebe wa biskuti. Waliompendeza zaidi ni wale ambao jina lao limeandikwa kwa herufi za Kizungu mgongoni mwa jezi, akaweza kulisoma mwenyewe. Akawakuta akina Omori, akina Ota, akina Arai. Majina yanayoanza kama ya majirani na kuishia kwa irabu kama ya majirani. Gereji nzima ikaingia kwenye mchezo huo. Kadi mpya ikitoka, mtu huuliza, "Huyo ni wa ukoo gani?" na Phanice hujibu, "Huyu ni wa Nyamira, alipotelea njia ya Magwagwa."

Mzaha huo ndio uliozaa neno lililomtia kitanzi.

Mwezi Machi, kijana wa Marani aitwaye Obara Nyangau alileta gari lake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaoa, na kazi yake ilikuwa kubeba ndizi kutoka Magwagwa hadi soko la Kisii. Alitaka kava za rangi ya maruni, za viti vya mbele kwanza. Vya nyuma vingefuata. Phanice alimjua tangu akiwa mtoto. Kutoka boma lake hadi kwa akina Nyangau ni kuvuka shamba moja la chai.

Kiti cha dereva kilipotoka, chini yake kulikuwa na kadi. Mchezaji amepigwa picha kwa nyuma, rungu limeshapita, mwili umejipinda. Uso hauonekani. Mgongoni, kwa herufi kubwa, pameandikwa OBARA.

"Alicheka huyo kijana!" Phanice anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake unafunguka. "Alisema, 'Kumbe hii gari ilikuwa yangu tangu zamani, ni vile tu niliichelewea.' Nikataka kumpatia. Akakataa. Akasema, 'Niwekee, itapotea kwa ndizi. Nitachukua nikileta viti vya nyuma.'"

Phanice aliiweka kwenye mkebe, akabamiza kifuniko, na kumwambia Ochoki kwa sauti iliyovuka barabara: "Obara nimemfungia kwa mkebe! Hatoki mpaka arudi!"

Wiki mbili hazikuisha. Mvua ilinyesha, barabara ya Magwagwa ikateleza, na gari likaacha njia kwenye kona. Obara alifia kwenye kiti cha maruni.

Matangani, Ochoki, akilia na kutafuta la kusema kama watu wafanyavyo mbele ya jeneza, alimwambia aliyekaa karibu naye: "Na juzi tu Phanice alisema amemfungia Obara kwa mkebe." Hakukusudia baya. Aliyekaa karibu naye alikuwa Machogu, baba mdogo wa marehemu.

Kwa Kiswahili cha gereji, kumfungia mtu mkebeni ni kumtunzia kitu chake. Kwa Kiswahili cha matanga, mtu aliyefungwa amefungwa na mkono wa mtu. Neno ni lile lile. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, Marani yote ilikuwa imeambiwa kwamba fundi yule aliyeshona kiti cha kifo alikuwa na jina la marehemu ndani ya mkebe, pamoja na majina ya wengine, na picha za watu wasiojulikana waliobeba marungu.

*Omorogi*, walisema. Mchawi. Na huku Gusii neno hilo halisemwi likaachwa hewani. Nyumba zimewahi kuchomwa kwa ajili yake, wenyewe wakiwa ndani.

"Mara ya kwanza niliona kanisani," anasema Phanice, ambaye ni Msabato. "Nilikaa kwa benchi yetu, wamama wakakumbuka wana watoto wa kuangalia nje. Wote. Hata wale watoto wao wako chuo."

Kisha ikawa chemchemini. Wenzake walimpisha ateke maji peke yake, kwa adabu kubwa kuliko aliyowahi kuonyeshwa na mtu yeyote. Mjini, wenye magari kutoka pande za Marani wakahamia kwa mafundi wengine. Wiki nzuri alikuwa akishona magari matatu. Sasa akipata moja anashukuru.

Halafu Jumanne moja mumewe, Ratemo, alifungua mlango na kukuta kiberiti kizingitini. Kilikuwa kipya, hakijafunguliwa, kimewekwa wima katikati kabisa, mahali ambapo mguu hauwezi kukikosa.

Ratemo huchuma chai na hana maneno mengi. "Aliyeweka alitaka tujue hakukiangusha," anasema tu. Tangu siku hiyo amesogeza kitanda chao karibu na mlango. Binti yao, Celestine, amepelekwa kwa shangazi yake Kiogoro, naye amekatazwa kusema ni kwa nini.

Ratemo alitaka kadi zote zichomwe. Janat alijitolea kuzificha dukani kwake mjini. Phanice alikataa yote mawili, na sababu zake zinaonyesha mtego ulivyobana.

"Nikichoma, watasema nimemchoma Obara. Nikizika, nimemzika mara mbili. Nikimpa Janat, nimemhamisha. Niambie wewe, nifanye nini?"

Alichofanya ni kuufungua mkebe na kuuweka mezani chini ya dirisha, pazia likiwa wazi, ili kila apitaye aone ndani. Majirani wakaanza kupitia njia nyingine.

Sasa ni Ijumaa, na Jumapili ataitwa. Naibu wa chifu, Bwana Obwocha, ameitisha kikao baina ya boma la Phanice na la akina Nyangau, na amemtaka aje na mkebe. Phanice anashona mshono wa mwisho wa siku. Unapinda. Anaufumua, anaushona tena, unapinda tena.

"Mikono yangu haijawahi kunifanyia hivi," anasema, na kuuzima mwanga wa cherehani.

*

Jumapili, watu wanakutana kwenye kituo cha kununulia majani chai, kwa kuwa siku hiyo hakuna mzigo. Mizani inaning'inia bila kazi. Wanaume wamekaa kwenye meza za saruji zinazomwagiwa majani, wanawake wamesimama kwenye ukuta. Phanice amekaa peke yake kwenye benchi, mkebe mapajani, Ratemo akiwa amesimama nyuma yake. Janat amekuja kutoka mjini na ushungi wake wa kijani. Anachekwa chinichini kwamba shahidi wa mshtakiwa ni simu.

Machogu ndiye anayefungua. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani.

"Mimi si mtu wa vita," anasema. "Nauliza swali moja. Mtu anakuaje na jina la mtoto wetu kwa mkebe kabla mtoto hajafa?"

Ochoki anasimama. Anaeleza yote aliyoyaona: gari, kadi, kicheko, na maneno ya marehemu ya kutaka atunziwe.

"Kwa hivyo aliyesema awekewe ni Obara?"

"Ndiyo, mzee."

"Na Obara yuko wapi atuambie?"

Ochoki anakaa.

Obwocha anaamuru kadi itolewe. Inapitishwa mkono kwa mkono, ikishikwa kwa ncha za vidole kama kisu cha moto. Mzee mmoja anaigeuza na kutamka wanachokifikiria wengi: "Huyu mbona amefichwa uso?" Mwingine anaona tarakimu nyuma, na mwaka. Huku, karatasi yenye picha ya mtu, jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa hugawanywa siku moja tu, ya mazishi.

"Wacheni simu isome," anasema Janat. "Hiyo ni maelezo ya mchezo tu. Mtasikia wenyewe."

Anaelekeza kamera. Janat anasoma kwa sauti: urefu wa mchezaji, uzito wake, mkoa anakotoka. Mabega ya Phanice yanaanza kushuka. "Hurusha kwa mkono wa kulia," anaendelea Janat. "Hupiga kwa mkono wa kushoto."

Mwanamke mmoja ukutani anaziba mdomo.

Obara Nyangau alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Aliandika kwa kushoto, alikata ndizi kwa kushoto, na nyanyake alimfunga kitambaa mkono huo utotoni ili aache, akashindwa. Kila mtu hapo anajua.

"Mmesikia," anasema Machogu polepole. "Mmesikia wenyewe."

Watu wanaanza kuinuka. Mtu anasema neno lile kule nyuma, si kwa nguvu. Ratemo anaweka mkono begani kwa mkewe. Obwocha anagonga meza, lakini meza ya saruji haitoi mlio.

Ndipo Gladys, mama wa marehemu, anapotoka ukutani. Tangu mazishi hajasema lolote hadharani. Anapita katikati ya wanaume bila kuomba njia, anasimama mbele ya benchi na kunyoosha mkono.

"Baba, nipe nimwone," anamwambia Phanice. Kwa Ekegusii, *baba* ni mama, na ni neno ambalo mwanamke humpa msichana anayempenda. Watu wanalisikia.

Anaishika kadi kwa kiganja kizima. Anaiinua kwenye mwanga, anaisogeza karibu, anaisogeza mbali. Anaitazama kwa muda ambao unamchosha kila mtu.

"Huyu si wangu," anasema hatimaye. "Angalieni masikio. Haya yamelala vizuri, yamekunjwa kama ya mtu wa ofisi. Obara alichukua masikio ya babake. Milango ya gari imesahaulika wazi, yote mbili."

Kicheko kinamtoka mtu, kinakatika, kisha kinawatoka wengi kwa pamoja, kwa maana ni kweli, na babake mwenyewe yuko pale, na masikio yake yako pale. Mzee Nyangau anayagusa kabla hajajizuia. Hata Machogu anatazama chini.

Gladys hacheki. Bado ameshika kadi.

"Lakini huyu ni mtoto wa mtu," anasema. "Ako hai?"

Janat anatazama simu yake. "Mama, kadi ni ya miaka mingi. Haisemi."

"Basi mtafuteni. Mwanangu ameenda bila mtoto. Sina mjukuu wa kuamshia jina lake. Kama kuna Obara mahali, hata kwa wale watu, na anaamka asubuhi na kuvaa viatu, nataka kujua."

"Na kama naye amekufa?" anauliza Machogu.

Obwocha anatazama watu, anatazama mawingu, na kusema kikao kitarudi baada ya mvua za masika kwisha, na kwamba kabla ya hapo atakayeonekana na kiberiti mahali pasipokuwa na jiko atalala kituo cha polisi. Watu wanatawanyika. Hakuna aliyesema Phanice hana hatia. Imesemwa tu kwamba atafutwe Obara.

*

Hivyo ndivyo usalama wa fundi wa Marani ulivyokuja kuning'inia kwa mchezaji wa Japani ambaye hata uso wake hajauona.

Janat ameipiga picha kadi hiyo na kuiweka kwenye kundi la wakusanyaji mtandaoni, akaandika kwa msaada wa simu. Jibu la kwanza lilifika baada ya siku chache, kutoka kwa mzee mmoja wa huko. Alisema amefurahi sana kujua kadi ile imefika Afrika. Kisha akaongeza kwamba anawafahamu akina Obara wawili waliocheza zama hizo. Mmoja ana duka la tambi. Mwingine alifariki. Wote ni wa mkoa mmoja, rika moja na kimo kimoja, na nyuma ya kadi jina la kwanza limefutika. Tofauti yao iliyobaki ni nambari ya jezi, na kwenye picha, mkono wa mchezaji umeifunika nusu. Ameomba apewe muda aulize.

"Nusu inayoonekana inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa nane," anasema Phanice. "Naiangalia asubuhi, ni tatu. Naiangalia jioni, ni nane."

Hajalala vizuri. Kitanda bado kiko karibu na mlango. Celestine bado yuko Kiogoro. Simu ya Janat ikilia akiwa karibu, Phanice huacha sindano hewani. Amemwomba asimpigie kamwe kumpa habari hiyo, aje mwenyewe, ili ausome mwendo wake tangu ng'ambo ya barabara na apate muda wa kukaa.

Lakini kuna jambo limebadilika. Siku ya soko iliyofuata kikao, Gladys alishuka mjini na kikapu cha ndizi, akakunja kona ya gereji, akajikalia kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mbele kabisa, penye barabara. Akauliza kama kuna habari. Hakukuwa na habari. Akaagiza chai.

Siku ya soko iliyofuata akaja tena. Kila gari linalotoka Marani hupita hapo, na kila aliyemo humwona mama wa marehemu akinywa chai na yule wanayemwita mchawi, akipuliza, bila haraka.

"Mama, watu wanakuona," Phanice alimwambia.

"Unadhani nimekaa hapa kwa nini?" akajibu Gladys. "Ongeza sukari."

Wiki hii wateja wawili wa Marani wamerudi. Mmoja alidai alikuwa na safari. Phanice hakumuuliza ni ya wapi.

Matumaini yake ni kwamba mvua zitakatika huku jibu likiwa limefika, na liwe la mwenye duka la tambi. Celestine arudi nyumbani. Yeye mwenyewe aingize mkono chini ya kiti bila kumwita Ochoki. Na kadi ile, iwe ya mtu aliye hai au aliyekufa, ameshaamua: ni ya Gladys. Obara mwenyewe alisema awekewe, na Phanice amemwekea. Sasa mama yake ndiye atakayeichukua.

Ijumaa hii anaiandalia kadi hiyo mahali pa kukaa. Ametoa masalio ya leza ya maruni, ileile aliyoshonea viti vya mbele vya Obara, na kushona kipochi kidogo chenye dirisha la plastiki. Mishono imenyooka. Ochoki anakichukua, anakigeuza huku na huku, na kusema hakijakwisha, kimekosa kitu cha kubana mdomo. Atie zipu, au hata kifungo kimoja, kadi isije ikaanguka.

Phanice anakirudisha mikononi mwake.

"Hapana," anasema. "Huyu hafungiwi tena."